Dakika za Dada Yangu

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa kukaa kwenye jiwe kando ya mto wetu, mwendo wa saa moja kutoka Machakos mjini. Nilikuwa na saa na daftari, kazi yangu kuandika nani ameingia majini na amekaa dakika ngapi. Sisemi kazi ilikuwa ngumu. Lakini mimi na kukaa kitako wapi na wapi. Hata kanisani nilikuwa natoka mara tatu.

Daktari wa utafiti aliyeniajiri alikuwa ametutibu kichocho, ule ugonjwa wa minyoo ya majini, kijiji kizima. Sasa alitaka kujua kwa nini wengine wakirudi majini minyoo haiwashiki tena. Alisema kuna damu zinazojifunza kupigana nayo.

Dada yangu alifua nguo mtoni kila asubuhi, maji yakimfika magotini. Nesi wa daktari alikuwa amemkataza. Niliona haya kwamba mkaidi ni wa nyumbani kwetu, basi dakika arobaini nikaandika tano. Siku nyingine nilimruka kabisa. Nani angejua?

Miezi ikapita, minyoo ikamrudia. Daktari akafungua daftari langu, akamwambia kwa upole, "Wewe huingia majini kidogo sana, na bado umeshikwa. Inaonekana damu yako haina kinga." Nilikuwa pale pale.

Wiki mbili baadaye nilimkuta dada akimnywesha mtoto wake wa miezi minne maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nikamuuliza kulikoni.

"Damu yangu ni mbaya," akasema. "Sitaki kumpatia hii kitu kwa maziwa yangu. Nimemwachisha tangu siku ile ya daktari."

Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mwishowe nilisimama mlangoni nikamwambia yote. "Damu yako haina neno. Uongo uko kwa daftari."

Aliweka kijiko chini.

"Na ulinisikia nikiambiwa?"

"Nilisikia."

Alifungua vifungo vya blauzi, akamweka mtoto titini. Mtoto akavuta, akaachia, akavuta tena, kisha akaanza kulia. Dada akambadilisha upande wa pili. Huko pia hakukutoka kitu.

Hakunitazama. Alifunga vifungo kimoja kimoja, akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kijiko," akasema.