Mbegu Aliyoigawa Athman

Muhogo wa kwanza Bi Radhiya aliung'oa kwa mikono yake mwenyewe. Ulitoka mzuri, mnene, ganda lake safi. Akauweka juu ya jiwe, akaupiga panga katikati, kisha akainama kuutazama na hakuinuka. Athman bin Wazir, mtoto wa kaka yake, alikuwa amesimama nyuma na kikapu. Alidhani shangazi yake amejikata.

"Athman," alisema Bi Radhiya bila kugeuka. "Ndoo uone kitu hiki."

Ndani ya muhogo, palipotakiwa kuwa peupe, palikuwa pa kahawia, pakavu na pagumu kama kizibo cha chupa, mabaka yamefuatana toka kichwani hadi mkiani. Athman akaunusa. Akakata tena pengine, yale yale. Akang'oa mti wa pili, akang'oa wa tatu. Alipofika wa sita akaliacha panga, akaketi juu ya tuta kama mtu aliyepigwa.

Ulikuwa mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mwaka wa 1955. Masika yalikuwa yamepita bila mvua ya maana, na mahindi ya kisiwa kizima cha Pate yalikauka yakiwa yamefika magotini. Hata hivyo watu wa Faza hawakuwa na hofu kubwa. Walikuwa na muhogo ardhini, wa miezi kumi na mitano, uliotokana na mbegu njema iliyogawiwa nyumba arobaini na tatu. Aliyeigawa ni Athman.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mwembamba, asiyeweza kupita penye jani bila kuligeuza aone upande wake wa chini. Baba yake alifariki mapema, akalelewa na Bi Radhiya. Alipomaliza chuo cha Kurani alijifunza hati za kizungu kwa karani mmoja wa Lamu, na mwaka wa 1946 watu wa kilimo wakamwajiri apime mvua. Walipoona hesabu zake hazina siku iliyorukwa, wakampeleka miezi minane kwenye kituo cha utafiti huko kusini. Huko alifundishwa kazi ambayo Faza haikuwa na jina lake: kuyajua maradhi ya mimea na kukisia yatakwenda wapi. Alijifunza kukausha majani katikati ya magazeti, kukata shina jembamba kama karatasi ya sigara na kulitazama kwa hadubini, na kuandika kila wiki ni miti mingapi katika mia imeugua. Aliporudi, watu wakamwita Tabibu wa Majani, nusu mzaha na nusu heshima.

Maradhi ya muhogo alifundishwa mawili. Ule ugonjwa unaokunja majani waliusoma wiki tatu. Ule mwingine, wa michirizi, unaoacha majani yakiwa yamesimama na kuharibu muhogo wenyewe chini ya udongo, walisomeshwa alasiri moja tu, kwa picha ya kuchorwa.

Mchana ule Athman alirudi nyumbani, akatoa madaftari yake na kuyafungua sakafuni. Alitaka kujua ugonjwa uliingia lini. Akaliona jibu kwa hati yake mwenyewe, katika ukurasa wa siku alipokuwa akichagua miti ya kukata mbegu: "Majani ya chini yana njano kando ya mishipa. Uzee."

Akalisoma neno lile la mwisho mara nyingi. Hakuna aliyemlazimisha kuliandika. Jani la chini huzeeka, kila mkulima ajua hilo, lakini njano ya uzee hulitwaa jani zima, haifuati mishipa. Alikuwa ameuona ugonjwa kwa macho yake, akaupa jina jingine, akaukata vipande vya shubiri moja moja na kuugawa mji mzima huku akisema, "Hii haina ugonjwa."

Bi Radhiya alimkuta pale pale sakafuni.

"Wengine wamekata?" aliuliza.

"Wamekata. Nimepita mashamba tisa. Yote ni mamoya."

"Wajua ni nini?"

"Najua, shangazi. Ni mimi."

Bi Radhiya alilifunga lile daftari. Hakumpa pole na hakumkaripia. "Basi wambie," alisema. "Wasiyasikie kwa mtu mwingine."

Ijumaa, baada ya sala, Athman alisimama kwenye baraza la msikiti akawaeleza. Alisoma na lile neno lililo kwenye daftari. Alitazamia matusi, na angeyashukuru, lakini hayakuja. Watu walimtazama kama wanaomwona kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja, Mohdhar, ambaye shamba lake lote lilikuwa la mbegu ile, ndiye aliyefungua kinywa.

"Wataka tukusamehe," alisema polepole, "ama una kazi ya kutupa? Kwa sababu ndaa haingoji."

Athman hakuwa na kazi ya kuwapa. Akarudi nyumbani na swali hilo, nalo ndilo lililomtoa sakafuni.

Baadhi ya nyumba hazikupanda masika ya mwaka uliotangulia. Zilipanda mbegu ile ile vuli iliyofuata, na muhogo wao ulikuwa na miezi minane tu. Kesho yake Athman alikwenda kwenye mashamba matano ya namna hiyo, akaomba mti mmoja kila shamba. Muhogo wote ulikuwa mweupe. Hakuamini. Akaurudia Jumatatu ya pili kwa miti mingine, akikata kila muhogo vipande vitano na kuvipanga juu ya jamvi. Mweupe. Jumatatu ya nne akaona nukta moja ya kahawia, ndogo kama punje ya ufuta. Jumatatu ya tano zilikuwa kumi na moja, katika mashamba matatu.

Akaketi na kalamu. Ugonjwa ulikuwa ndani ya miti yote tangu siku ya kupandwa. Kilichotofautiana ni umri. Hadi mwezi wa tisa tangu kupandwa muhogo ulijikinga, kisha ukaanza kushindwa, na kwa mwendo ule wa nukta ungekuwa hauliki kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Akahesabu siku. Mwezi wa mfungo tano ulikuwa karibu kuandama.

Akapita nyumba kwa nyumba. "Ng'oeni kabla mfungo tano haujaandama," aliwaambia. "Ni mdogo, najua. Umenyeni, mkate, mwanike. Mkingoja unenepe hamtaula."

Wengi waling'oa, si kwa kumwamini bali kwa kuogopa kupoteza mara mbili. Mji ukajaa majamvi ya makopa na ile harufu yake chachu. Mahmud Obeid alikataa.

Mahmud alikuwa mshona kanzu, amesoma chuo kimoja na Athman, na shamba lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya vuli. Ndugu za mkewe wangekuja toka Kiunga kwa Maulidi ya mfungo sita, naye alikuwa amewawekea muhogo ule wageni hao na watoto wake wanane.

"Mwaka jana ulitwambia tupande," alisema akiendelea kushona. "Leo watwambia tung'oe. Nimeukata wangu jana, ni mweupe kama maziwa. Niyaamini mato yako ama yangu?"

"Mato yako ni mazima, Mahmud. Lakini wewe waona leo."

"Na wewe uliona nini ulipotuletea?"

Athman akageuka. Akaenda zake.

Siku sita kabla ya Maulidi Mahmud alituma Athman aitwe. Athman alimkuta ameshika jembe, hajaanza kuchimba. Alitaka shahidi, ama wa kumwaibisha ama wa kumwelewa. Pengine hata yeye hakujua. Akang'oa wa kwanza, akaukata. Kahawia. Wa pili, kahawia. Athman alisimama na midomo yake ikienda. Alikuwa akiomba. Alimwomba Mungu mti mmoja mweupe, mmoja tu, utakaoonyesha kwamba hesabu zake ni za kipumbavu. Mahmud alichimba miti kumi na saba, na yote ilikuwa kama daftari lilivyosema. Athman hakupata kufikiri kwamba mtu anaweza kukisia sawasawa na akatishika hivi.

Mahmud aliketi. "Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukunishika kwa nguvu?"

Athman alitaka kusema kwamba aliona haya, kwamba mtu aliyekosa mara moja hathubutu kushika mkono wa mwenzake. Lakini lilikuwa jambo dogo kuliko lile lililolala pale chini. Akakaa kando yake mpaka jua lilipoanza kuwaunguza.

Jioni ile Bi Radhiya alimtwisha punda gunia la makopa aliyoyanunua kwa jirani, akalipeleka kwa mke wa Mahmud bila kumwuliza mtu. Wageni wa Kiunga walikula hayo.

Athman hakuacha kazi. Aliandikia kituo yote, na lile neno hakulificha, na miaka minne iliyofuata aliitumia kutafuta kisiwani miti ya muhogo isiyotiwa mabaka. Alipata aina mbili, moja chungu. Hakusema tena mbele ya watu kwamba mbegu haina ugonjwa, alisema hajauona.

Masika ya mwaka wa 1956 yalikuwa na mvua. Mahmud alipanda upya, naye ndiye aliyemwita Athman akague. Walipita tuta kwa tuta wakigeuza majani ya chini. Athman aling'oa miti minne na kuiweka kando ichomwe. Mbele ya mmoja alisita sana, akaligusa jani lake la chini, akalitazama juani.

"Na huu?" aliuliza Mahmud.

"Sijui."

Mahmud akashika shina kwa mikono miwili, akaung'oa.