Remote ya baba mkwe: jinsi tulivyoifikisha chumbani kwake, Songea

Wakuu, habari za majukumu.

Nimeona wengi humu mnalalamika kwamba remote hazishiki mpaka uisogelee TV. Na mimi nina kisa changu, na sikitii chumvi, maana mke wangu Restituta amekaa hapa pembeni ananisahihisha.

Ilikuwa miaka ya tisini, bidhaa zimeanza kuingia kwa wingi na madishi yanaonekana kwenye nyumba moja moja. Mimi ni mwalimu, mtu wa Tabora. Nilipangiwa Songea, nikaoa hukohuko, Ruhuwiko. Baba mkwe alipostaafu alinunua TV ya rangi, na jioni sebule yake ilijaa majirani.

Kisha akateleza, akavunjika paja. Alirudi kutoka hospitali na plasta, na amri ya kutoinuka kitandani.

Chumba chake kiko kwenye korido. TV anaisikia, ila haioni wala hawezi kuiamuru. Habari ikianza, anaita aongezewe sauti. Jirani mmoja, fundi cherehani, anageuza stesheni atafute muziki. Mzee aliita wiki ya kwanza, kisha akaacha kuita. Mtu aliyezoea kuamua kila kitu nyumbani kwake akawa kimya kabisa.

Mwisho akatangaza kwamba TV iuzwe. Mnunuzi wa Namtumbo angekuja Jumamosi.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini TV isihamishiwe chumbani. Waya wa dishi ulikuwa mfupi, na mama mkwe alisema majirani hawatajaa kwenye chumba chake cha kulala. Hata mimi nisingekanyaga humo. Mkwe haingii chumba cha wakwe.

Basi nikaanza kuichunguza remote nikiwa sebuleni.

Ilikuwa imevikwa nailoni isichafuke, na nailoni yenyewe imeshakuwa na ukungu. Nikaivua, nikafuta kile kijitaa cha mbele kwa pamba. Ikashika hadi kwenye kochi.

Betri zilikuwa zile zinazoanikwa juu ya bati pamoja na mahindi ili zipate nguvu. Nikanunua mpya dukani Msamala. Ikashika hadi mlangoni, lakini kwa kubahatisha.

Nikaitazama TV yenyewe. Mama mkwe alikuwa ameifunika kitambaa alichofuma kwa mkono, maua meupe yananing'inia mbele, na ua moja limekaa juu ya sensor kabisa, kile kijicho cha kupokea remote. Nilipolinyanyua kwa kidole, remote ikashika kutoka mwisho wa korido.

Shida ni nani atamwambia mama. Mimi kwa heshima nisingeweza. Nikamtuma Restituta. Jibu nililisikia kutoka jikoni.

"Mwambie mumeo, kwao Tabora TV zinakaa uchi mbele za wageni?"

Nikaenda kwenye tatizo la pili, kona iliyo kati ya kitanda cha mzee na TV. Infrared inayotoka kwenye remote ni mwanga, ila macho yetu hayauoni. Haukati kona, lakini kwenye kioo unadunda kama mwanga mwingine. Nikachukua kioo cha kunyolea, kile kikubwa, nikakifunga ukutani pale korido inapokutana na sebule. Hesabu ni rahisi: mzee akiiona TV kwenye kioo, TV nayo itaiona remote.

Ila kitandani sikuweza kwenda kupima. Ikabidi tuongee kupitia mlango, mimi nimeegemea ukuta, nageuza kioo.

"Shikamoo baba. Unaona nini?"

"Marahaba. Naona dari."

Nikainamisha.

"Na sasa?"

"Sasa naona sikio lako, mwalimu. Ni kubwa kuliko nilivyodhani."

Restituta alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mzee akitania tangu aanguke. Nadhani mama mkwe naye alisikia, kwa sababu alitoka jikoni, akakichukua kitambaa chake na kukaa nacho barazani. Akafumua lile ua, akafuma kijidirisha cha ukubwa wa kiberiti, na pembeni akakipamba vizuri kuliko mwanzo.

Kitambaa kikarudi juu ya TV. Restituta akampelekea mzee remote, nami nikageuza kioo kidogo tena.

"Naona taa nyekundu ya TV," mzee akasema.

"Bonyeza, baba."

TV ikawaka. Sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda. Alichezea remote jioni nzima. Fundi cherehani kila akigeuza stesheni, inarudi yenyewe kwenye habari, mpaka akaanza kuitazama TV kwa wasiwasi. Maandishi kwenye kioo yalikuwa kinyumenyume, lakini mzee alisema yeye hasomi, anaangalia.

Jumamosi mnunuzi alifika na blanketi la kufungia TV. Akainama mbele yake, akauliza kama kweli inafanya kazi.

Ikawaka, sauti juu. Akaruka nyuma.

Chumbani mzee akasema kwa utulivu, "Restituta, mpe mgeni chai. Mwambie mwenye TV anaangalia."

Alikunywa chai, akakunja blanketi lake, akaondoka.

Wakuu, nilichojifunza: kabla hujaitupa remote au kumwita fundi, fuata njia ya mwanga kutoka mkononi hadi kwenye sensor, na uondoe kimoja kimoja kinachoziba. Na kama kinachoziba ni kazi ya mikono ya mama mkwe, mwachie mwenyewe atafute njia. Mwaka ule nusu ya Ruhuwiko walikuja kumwagiza vitambaa vyenye dirisha.

Kwenu nyie nini kiliziba? Wenye mbinu za kuifikisha mbali zaidi, karibuni tujadili.