Seng'enge Niliyoifunga Njoro

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa jua kali nilipofunga njia kwa seng'enge na kujiona nina akili.

Siku hizo Njoro ilikuwa mashamba ya mahindi na nyumba chache, karibu sote tumeshuka kutoka mlimani. Kisha wakaanza kuja wengine. Nyuma yangu walijenga Mwanaidi na mumewe, fundi cherehani, watu wa Kondoa. Kila siku Mwanaidi alikatiza uani kwangu akienda bombani. Nikasema hawa wa kuja watatumaliza. Nikafunga.

Siku ya tatu alizungukia mferejini, ndoo kichwani, mjamzito wa miezi saba. Akateleza. Nilimwona akianguka, nikabaki nimesimama na ufagio wangu. Mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutuletea ndizi, ndiye aliyekimbia kumwinua.

Alipohakikisha yuko salama, akanigeukia.

"Mke wa mwanangu, wewe ulizaliwa hapa?"

"Hapana, mama."

"Basi wa kuja ni nani?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaikata seng'enge kwa mikono yangu, nikachuma jani la sale, ambalo kwetu Wachagga ndilo la kuombea msamaha, nikampelekea Mwanaidi. Akaligeuzageuza.

"Mama Aikande, hili linapikwa na nini?"

Tulicheka, kisha nikalia kweli, nikamweleza. Akanisamehe.

Wakaja Wapare, Wasambaa, Wanyaturu, walimu na madereva. Tulipoambiwa tuchimbe mtaro wa bomba wenyewe ndipo tuletewe maji majumbani, kila nyumba ilitoa mtu na jembe, na mtaro ukapita katikati ya ua wangu, kwa hiari yangu. Asubuhi maji yalipofika, Mwanaidi ndiye aliyefungua koki ya kwanza. Vigelegele! Watu wakamwagiana maji barabarani, na mimi, mzee wa kanisa, nikacheza mpaka kitenge kikalowa chapachapa.

Sasa wewe unajenga Mabogini. Ukimwona mtu anachimba msingi jirani yako, mpelekee maji ya kunywa kabla hujamuuliza kabila lake. Usimfungie mtu njia eti kwa sababu ulitangulia kufika. Na ukikosea, nenda mwenyewe, mapema, ukaombe msamaha.

Mungu akujengee nyumba yenye watu, mwanangu, na majirani zako wafurahi kila wanapokuona ukirudi.