Filimbi ya Saa Kumi na Mbili

Ninacho cheti nyumbani. Kiko juu ya kabati la vyombo, kimegeuziwa ukuta, na kimeandikwa kwa Kifaransa cha kupendeza kwamba mimi ni mwanamke mzalendo. Kina mihuri miwili, mmoja umepigwa juu ya mwingine, maana rais wa komite yetu hakuwa mtu wa kuridhika na muhuri mmoja. Nilikipata kwa kusimama. Kusimama tu, tena katikati ya mchezo wa kukimbia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kolwezi, na kwa muda nilikuwa pia mchezaji wa timu ya taifa ya kriketi ya wanawake. Cheka, nakuruhusu. Timu yenyewe ilikuwa wanawake kumi na watatu, kumi na mmoja wa hapa mjini na wawili wa Tenke, na kwa ajili ya hao wawili komite ilitangaza kwamba nchi nzima imewakilishwa. Nchi nzima! Nenda Lubudi tu hapo, uliza kriketi ni nini, watakuuliza kama inaliwa na ugali. Mtaani kwetu waliuita mpira wa Wahindi, kwa kuwa tulifundishwa na mafundi wa Kihindi wa kiwanda kimoja, waliokuwa wakicheza Jumapili kwenye uwanja wa vumbi kando ya barabara ya malori.

Kapteni wetu hakufundishwa na mtu. Alikuwa mwosha mawe. Kutwa nzima alisimama mtoni, maji magotini, akichambua mawe ya madini ambayo wachimbaji vijana walimletea kwa magunia: zuri linabaki kwenye beseni, baya linatupwa nyuma ya bega bila kutazamwa. Siku moja alikuwa akikatiza uwanjani kwenda kwake, mpira ukamfikia miguuni. Akauokota, akaurusha, beseni likiwa bado kichwani, na vijiti vitatu vya kriketi, vile vinavyolengwa na mpira, vikaanguka upande wa pili wa uwanja. Fundi wa Kihindi alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Kuanzia Jumapili ile mwosha mawe alikuwa anafika kabla yetu sote, na kila tulichojua baadaye tulikijua kwake. Mume hakuwa naye tena, watoto walikuwa kwa mama yake, na mchezo ule ndio kitu pekee nilichowahi kumsikia akikiita "changu".

Komite haikumpenda. Ilikuwa na wanaume tisa, na sijamwona hata mmoja wao akishika mpira. Rais, makamu wa kwanza, makamu wa pili, washauri ambao hawakuwahi kushauri lolote, na mkuu wa protokoli, ambaye kazi yake ilikuwa bendera. Aliibeba ndani ya mkoba wa ngozi, na shingoni alivaa filimbi. Rais alitaka ukapteni apewe binti wa ndugu yake, msichana mpole aliyefumba macho kila mpira ulipomjia. Mwosha mawe kubeba jina la nchi, alisema, ni aibu. Mafundi wa Kihindi walipotishia kuondoka, akakubali kwa shingo upande, na siku ya safari akamwambia kapteni mbele yetu sote:

"Mama, safari hii moya tu. Ukileta desordre, fujo hata kidogo, unatoka mu timu. Na hautarudia."

"Ndiyo, tata président," kapteni akajibu.

Tulikwenda Zambia kucheza na majirani. Komite ililala hotelini. Sisi tulilala kwenye bweni la shule, jambo lililonifaa mimi mwalimu, kwani angalau nilikuwa nyumbani kwa harufu. Uwanja wao ulikuwa wa majani ya kijani, umenyolewa kama kichwa cha bwana harusi, na pembeni ulikuwa na milingoti miwili. Bendera yetu ilikuwa kwenye mmojawapo, ikipepea juu ya hema ambalo komite ilipewa kwa ajili ya kivuli. Hema lilikuwa na viti, soda na kuku.

Hapa sina budi kueleza desturi yetu moja, maana wale majirani hawakuijua. Kwetu bendera, drapo kama tunavyoiita, hushushwa saa kumi na mbili jioni. Filimbi inapigwa, na kila aliye karibu anasimama pale pale alipo. Mwenye baiskeli anashuka, dereva wa lori anakanyaga breki, mama anayevuka barabara anabaki na mguu mmoja mbele. Unageuka, unaitazama bendera mpaka ifike chini, filimbi ya pili inalia, na maisha yanaendelea. Usiposimama, polisi atakuuliza una nchi ngapi. Mimi nimewasimamisha watoto wa shule namna hiyo kila asubuhi bendera inapopandishwa, kwa miaka kumi na minne. Mwili wangu haungoji amri yangu tena.

Mchezo ulichelewa kuanza kwa sababu rais wetu alikuwa na hotuba. Hotuba ilikuwa na sehemu tatu. Kwa hiyo jua lilipoanza kuelekea chini bado tulikuwa uwanjani, wenzetu tisa wameshatolewa, na tumebaki wawili: kapteni akiwa na gongo mkononi upande huu, na mimi na langu upande wa pili. Tulihitaji mbio mbili tu kushinda, na mbio moja ni sisi wawili kubadilishana pande kabla vijiti havijaangushwa kwa mpira. Akikosa mmoja wetu, basi.

Kapteni alipiga. Mpira ulipita katikati ya wasichana wawili wa Zambia ukaelekea mbali kabisa, kule hata mbio tatu zingepatikana bila kuhema. Tukaanza kukimbia, kila mmoja akielekea alikotoka mwenzake. Tulipopishana katikati nilimwona anacheka. Sikuwahi kumwona anacheka meno yote.

Ndipo filimbi ikalia.

Mkuu wa protokoli alikuwa ametazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili, na saa kumi na mbili bendera inashuka, iwe Kolwezi, iwe Zambia, iwe mwezini. Mchezo haukumhusu. Alipuliza kwa mashavu yote mawili, akaanza kuvuta kamba.

Nilisimama. Visigino pamoja, mikono ubavuni, gongo limenidondoka, uso umegeukia bendera. Nyuma yangu kapteni alikuwa ameshafika upande wake, anapiga kelele, "Kimbia, mwalimu! Mama, kimbia!" Nilimsikia vizuri. Msichana wa Zambia naye aliokota mpira, akasita kidogo kunitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, kisha akaurusha. Vijiti vikaanguka. Mwamuzi aliuliza filimbi imetoka wapi, akaonyeshwa hema letu, akainua kidole, ishara kwamba nimetolewa. Tulikuwa tumeshindwa kwa mbio moja, na mimi bado nilikuwa nimesimama nikingoja filimbi ya pili.

Na wakati ninangoja, nilikiona nilichokiona. Chini ya bendera ile ile, ndani ya hema, rais wa komite alikuwa ameketi. Miguu imenyooshwa, paja la kuku mkononi, anamsimulia makamu wa kwanza jambo la kuchekesha. Bendera ilishuka mpaka ikakaribia kugusa paa la hema lake, naye alikuwa anachokonoa meno.

Tuliporudi Kolwezi, komite iliita mkutano katika ukumbi wa parokia. Nilidhani nitatukanwa, na nilistahili. Lakini watu tisa walioshindwa mchezo kwa filimbi yao wenyewe walikuwa wameshapata njia ya kutokea. Rais alisimama, safari hii alisimama kweli, akafunga vifungo vya koti.

"Bamama, match ni match, drapo ni drapo. Mwalimu alisimama. Ule ni mutoto ya inchi! Lakini kapteni, sifle inalia, drapo inashuka, yeye anakimbia. Mbele ya bageni! Nilisema nini ku safari? Nilisema desordre, hata kidogo."

Watu walipiga makofi. Kapteni aliinuka kwenye benchi la nyuma. Alikuwa ametoka mtoni moja kwa moja, kitenge chake kimelowa mpaka magotini.

"Tata président, mi nilikimbia, sikatae. Nilikuwa mu kazi ya inchi. Lakini na weye ulikuwa umekaa. Ulikuwa unakula kuku. Mwalimu alikuona."

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Rais pia alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaweza kuogopa. Ningesema neno moja tu, ndiyo, na mambo yote yangebadilika. Lakini cheti kilikuwa pale mezani, jina langu limeshaandikwa, na mkurugenzi wa shule yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele. Moyo wangu ni wa kunguru. Nimewadharau wanaume wale tisa tangu mwanzo wa simulizi hii, na hapo nikawa wa kumi.

"Mi nilikuwa naangalia drapo," nikasema. "Sikuona mutu."

Makofi yakazidi. Rais alisoma cheti kwa sauti, kwamba nimepewa heshima hii kwa kutoondoa macho yangu kwenye bendera hata nukta moja, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akatangaza kapteni mpya, binti wa ndugu yake, na yule mpole akainamisha kichwa. Kapteni wetu alifutwa kwenye timu kabla soda hazijafunguliwa.

Nilimkuta nje, anajitwisha beseni. Nilitaka kuomba radhi, nikaanza maneno ya mwalimu, marefu, ya kuzunguka. Aliningoja nimalize. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinichoma zaidi.

"Uliangalia drapo, mwalimu?"

"Niliangalia."

"Hata nukta moya hukuondosha macho?"

"Hata moja."

"Drapo ilikuwa juu ya kichwa ya président," akasema, akashika njia ya mtoni.