Kidonda cha Msema Watu

Kwetu Kalemie kidonda cha ulimi si ugonjwa, ni ushahidi. Mtoto akiamka na kipele mdomoni tunamwuliza, "Ulimusema nani?" kisha tunacheka. Nami nilicheka hivyo miaka mingi, mpaka kidonda kikaota ubavuni mwa ulimi wangu, upande wa kushoto. Hapo hakuna aliyecheka.

Kilichagua wakati mbaya. Majuma yale yale ilienea sokoni habari kwamba mume wa rafiki yangu ameoa mwingine Kigoma. Rafiki yangu huyo, niliyeuza naye ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye meza moja, hajui kusoma. Ujumbe wa mumewe kwenye simu nilikuwa namsomea mimi, na ule wa kumwarifu kwamba ameoa mke wa pili niliusoma mimi, kwa sauti ya chini, nyuma ya magunia. Walioitangaza habari ni watu wa mashua, ambao walikuwa wameshakula ugali wa mke mpya. Lakini wao hawakuwa na kidonda.

"Kidonda ya ulimi haitokake bure, mama," wamama wa kwaya waliniambia.

Nikasukutua maji ya chumvi, nikapaka asali, nikafunga na kuomba. Hakikuuma sana, na hilo ndilo lililonidanganya. Mwezi wa pili mchungaji akahubiri kwamba ulimi hauna mfupa, akaniambia nikitubu nitapona. Nilikuwa nimechoka kutazamwa mdomo. Nikasimama mbele ya kanisa zima nikaungama kwamba mimi ndiye niliyemsema rafiki yangu. Nilidanganya ndani ya nyumba ya Mungu ili nipone! Sijawahi kufanya ujinga mkubwa kuliko huo, na nimefanya mwingi. Rafiki yangu alichukua beseni lake akahamia meza nyingine. Kidonda hakikwenda popote.

Kilichoniokoa ni jino bovu. Nilikwenda hospitali kuling'oa. Daktari wa meno akaushika ulimi kwa kitambaa, akauvuta pembeni, akagusa kingo za kidonda. Zilikuwa ngumu. Akanipapasa shingo.

"Mama, hii kitu iko hapa tangu lini?"

"Karibu miezi ine, dokta. Nilishatubu."

"Ulitubu?" Aliweka koleo lake chini. "Kidonda ya mudomo ikipita majuma mbili bila kupona, unakuja hapa. Kutubu utatubu kisha."

Akauliza kama navuta tumbaku au nakunywa pombe kali. Nikasema hapana. Akasema hata asiyevuta anaweza kupata. Walikata kipande kidogo, kikapelekwa Lubumbashi kupimwa, na jibu lilipokuja lilikuwa kansa. Nikaifuata njia ya kipande kile. Huko walikata karibu nusu ya ulimi pamoja na tezi za shingoni. Mpasuaji hakunibembeleza: ningefika mapema, alisema, wangekata kidogo tu. Ile miezi ya toba sitaisamehe.

Nililishwa kwa mpira wa puani, kisha uji, nikajifunza kumeza upya huku nimeinamisha kidevu. Nilirudi Kalemie, na kila nikipimwa kansa haijarudi. Nimepona, wanasema. Ila herufi S imenitoka, na kanisani wananong'ona kwamba Mungu amekata ulimi uliosema watu. Lisemwalo lipo, eti. Washenzi.

Juma lililopita rafiki yangu alikuja nyumbani, mara ya kwanza tangu siku ile. Alileta samaki aliyepondwa, hana mwiba hata mmoja. Akakaa karibu nami, akanishika mkono.

"Dada, mie nilishakusamehe."

Neno la kumjibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo miezi mingi: sikukusema. Nikalisema. Likatoka, "Hikukuhema."

Akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga. "Najua, dada. Najua ulinisema. Ile ilishaisha."

Nikarudia kwa nguvu. Akanipangusa mate kidevuni, akaniambia ninyamaze, nisijichokeshe bure. Hasira ikanipanda. Nikachukua kalamu, nikaliandika neno lile kwa herufi kubwa, nikamsukumia karatasi.

Aliitazama kwa heshima, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Aliyekuwa akimsomea ni mimi.