Kufuli Kwenye Laini ya Goma

Mume wangu alifanya kazi kwenye mtambo wa umeme upande wa Rutshuru, pale maji ya mto yanapozungusha mashine na umeme kushuka kwa nyaya hadi kwetu Goma. Mimi nilibaki mjini na mama yake, nikiuza vitenge. Umeme ukikatika, majirani walinitazama mimi, utadhani ninao mfukoni.

Kule mtamboni walikuwa na desturi. Fundi akienda kutengeneza laini, kwanza anafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, ili mtu asiwashe yeye akiwa juu ya nguzo. Akirudi analifungua kwa mkono wake na kusema kwa sauti: "Hakuna mutu tena ku laini." Ndipo wanawasha. Ufunguo wa pili ulining'inia nyumbani nyuma ya mlango. Nilimtania kwamba kufuli lile analipenda kuliko mimi.

Vita viliporudi, waya ulikatika karibu na Kalengera. Alifunga kufuli, akaenda na wenzake. Risasi zikaanza, kila mtu akakimbia kivyake. Wenzake walirudi. Yeye hatukupata hata kiatu chake.

Njia ilipofunguka, mafundi wengine waliunga waya, lakini kufuli likabaki, na mtaa wetu ukabaki gizani, mabomba makavu kwa kuwa pampu za maji hazikuwa na umeme. Siku moja mkuu wake akaja kwangu, akakaa, kofia mapajani.

"Mama, ile kadena yake ya kufunga swichi tungeweza kuikata na msumeno. Nimeuliza batu yote, hakuna mwenye alikubali. Ile ufunguo ya pili iko kwako."

"Ngojeni mwenyewe arudi," nilimjibu kwa ukali. Walitaka nimzike mume wangu bila mwili. Nilimchukia yule mzee wa watu, hata chai sikumpa.

Kesho yake nilimwona mama mkwe akipanda kutoka ziwani, bidoni la maji mgongoni, amepinda hadi magotini. Nikautoa ufunguo kwenye msumari. Mama mkwe aliniona nao.

Nilikwenda mtamboni mwenyewe. Kufuli lilikuwa na kutu kidogo, likafunguka. Nikadhani nimemaliza, lakini mafundi walikuwa bado wamesimama wakiningoja.

"Mama," mkuu akasema polepole, "inabidi useme."

 Nikasema kwa sauti: "Hakuna mutu tena ku laini." Wakawasha.

Nilipofika Goma, taa ya nyumbani ilikuwa inawaka. Mama mkwe alikuwa ameketi chini yake, amejifunga kitambaa cheusi kichwani.