Asmah na Ugonjwa Usiotajwa Mpondwe

Malori yamepanga mstari hadi kwenye kizuizi cha forodha. Katika soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, Asmah Ithungu, 38, anapima maharage. Mteja kutoka upande wa Kongo anamtania kwamba mizani yake inapunja. Asmah anaangua kicheko, kisha anakikatiza ghafla, mkono tumboni. Anausikiliza mwili wake. Ni mkavu.

"Bado siamini," anasema. "Kila siku naona kama ni uongo."

Kwa miaka mingi, tangu alipojifungua mtoto wake wa nne, mkojo ulimtoka kila alipokohoa, alipocheka au alipobeba gunia. Wakati huo alikuwa mpagazi, akivusha mizigo mpakani. Alijifunga leso mbili, akaacha kunywa maji mchana, na msikitini hakukanyaga tena.

"Udhu ilikuwa inavunjika kabla sijamaliza rakaa. Nilisema Mungu amenifukuza."

Mwaka jana, akiwa na gunia mgongoni, alipiga chafya mbele ya mawakala wa forodha. Mkojo ukamchuruzika hadi viatuni, wanaume wakitazama. Aliyemvuta pembeni ni Ayaa, mke wa askari, mkazi wa kambi ya polisi.

"Usilie. Hii ni ugonjwa, hata mimi ilinishika," Ayaa alimwambia. "Walinipasua, ikaisha."

Asmah aliduwaa. Hakuwahi kumsikia mwanamke akilitaja jambo hilo, sembuse kusema lina tiba.

Hospitalini alianzishiwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Yalipomsaidia kidogo tu, alifanyiwa upasuaji na kuwekewa utepe mwembamba unaoshikilia njia ya mkojo. Mrija wa mkojo ulipotolewa, muuguzi alimwambia akohoe. Akakataa. Muuguzi akasisitiza. Akakohoa, akatazama shuka, akakohoa tena kwa nguvu.

"Nilishika sista mkono, nikamwonyesha shuka: kavu."

Si kila kitu kimerudi. Mara nyingine haja humbana ghafla akakimbilia choo, na magunia ameyaacha kwa ushauri wa daktari. Ndiyo maana sasa anauza maharage. Ila msikitini amerudi.

Lililomtikisa zaidi lilikuja baadaye. Alikwenda nyumbani kwao Kinyamaseke kumweleza mama yake, Yayeri. Wawili hao hawakuwa wakiongea sana tangu Asmah aliposilimu na kuolewa. Mama hakufika kwenye nikahi, na binti akaamini amekasirikia dini.

Yayeri alisikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa.

"Sikukasirika, mwanangu," alisema. "Nilivaa gauni langu la gomesi nije harusi yako, nikakaa mlangoni mpaka gari ya kwenda huko ikaondoka bila mimi. Niliogopa kulowesha mikeka ya watu. Hii ugonjwa iko na mimi tangu nilipokuzaa wewe."

Miaka yote ya ndoa yake Asmah alikuwa amemnunia mama kwa kosa ambalo halikuwepo.

Jumatatu atafunga meza yake sokoni ampeleke Yayeri kwa daktari yuleyule.

"Akipona, nataka aingie kwangu," anasema, "akae na watu, anywe chai mpaka atosheke."